Andalio la somo sasa linajiandika. Somo je?

Chini kabisa ya andalio la somo kuna nafasi ya maoni, na kwa miaka mingi walimu wetu wameijaza kwa sentensi moja: somo limefundishwa na limeeleweka. Wapo wanaoongeza asilimia, themanini au themanini na tano, ili ionekane kuna upimaji uliofanyika. Mara nyingi sentensi hiyo huandikwa asubuhi, kengele ya kipindi cha kwanza haijagongwa. Mwalimu wa taaluma anajua. Mwalimu mkuu anayegonga muhuri anajua. Mdhibiti ubora wa shule naye anajua, maana kabla ya kupanda gari la wilaya alikuwa mwalimu, na aliandika hivyo hivyo.

Mjadala wa akili unde shuleni ungefaa uanzie hapo. Badala yake, ukikaa na wadau wa elimu wa wilaya ya Karatu au ya Ngorongoro, swali linalokuja ni lile lile: walimu hawatakuwa wavivu, ikiwa simu itawaandalia kila kitu? Anayeuliza hivyo anachukulia kwamba kabla ya simu andalio lilitoka kichwani mwa mwalimu. Kwa sehemu kubwa halikutoka huko. Maduka ya steshenari yameuza maazimio ya kazi na maandalio yaliyokwisha kuchapwa, yakiwa kwenye flashi au kwenye karatasi. Makundi ya WhatsApp ya walimu yamepitisha mafaili kutoka Tarime hadi Tunduru. Aliyekosa hela alinakili la mwaka jana, akabadilisha tarehe na idadi ya waliohudhuria. Akili unde imeshusha bei ya bidhaa iliyokuwa sokoni siku nyingi.

Hata wakati wa kuingia kwake uliisaidia. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Miezi ile ile Serikali ilikuwa ikiwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo. Hakuna aliyepanga mambo haya mawili yakutane, lakini yalikutana mkononi mwa mwalimu. Kisha Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ukaanza kutumika katika madarasa ya Awali, la Kwanza na la Tatu, na mengine yakafuata. Muhtasari mpya ulikuja na umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli zake, na mafaili ya zamani yakawa ya kufungia maandazi. Mwalimu aliyekuwa akiishi kwa kunakili alihitaji kitu kipya cha kunakili, na kilikuwa tayari kwenye kishikwambi chake.

Anayedhani haya ni mambo ya Arusha mjini tu aangalie Sierra Leone. Huko walimu 469 walifuatiliwa kwa miezi 17 wakitumia programu ya akili unde kupitia WhatsApp, na watafiti wakalinganisha gharama za bando. Ukurasa wa kawaida wa wavuti ulikula data mara 3,107 zaidi ya jibu moja la programu hiyo, na kwa jumla kuiuliza kuligharimu asilimia 87 pungufu kuliko kutafuta kwenye wavuti. Kwa mwalimu wa Nainokanoka au Kakesio, Ngorongoro, anayepanda kilimani kusaka mtandao, hoja ya bei imekwisha hapo. Jibu la maandishi matupu linapita hata pale ambapo video na faili la kitabu vinakwama. Utafiti huo ulionyesha jambo jingine: katika kurasa ambazo walimu wale wangezipata kwa kutafuta wavuti, ni asilimia 2 tu zilizokuwa na maudhui yaliyotoka Sierra Leone yenyewe. Nitalirudia hilo, kwa sababu mashine hizi zimelelewa na wavuti huo huo.

Kuhusu muda, ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Uingereza. Mwaka 2024 taasisi ya Education Endowment Foundation ilifadhili jaribio na walimu 259 wa sayansi katika shule 68 za sekondari. Waliopewa ChatGPT pamoja na mwongozo wa kuitumia walipunguza muda wa kuandaa masomo kwa asilimia 31, yaani dakika 25 hivi kwa wiki. Jopo la walimu wazoefu lilipitia kazi zao bila kujua ipi imetoka kwa nani, na halikuona ubora umeshuka. Ni matokeo mazuri na ya kiasi. Hakuna aliyeacha ualimu ukafanywa na mashine, na hakuna aliyepata siku nzima ya mapumziko.

Sasa zilete dakika hizo 25 Karatu. Shule nyingi bado zinataka andalio liandikwe kwa mkono, kwenye daftari kubwa au fomu maalumu. Mwalimu anaiuliza simu, inampa kurasa mbili, kisha anakaa kunakili kwa kalamu kile ambacho simu imeandika kwa sekunde ishirini. Nimeona kazi hiyo ikifanyika mwalimu akiwa ameegemeza kishikwambi kwenye boksi la chaki, huku madaftari ya wanafunzi yasiyosahihishwa yakiwa yamepangwa chini ya meza. Humo kwenye madaftari ndimo mlimokuwa na habari ya nani ameelewa kugawanya kwa tarakimu mbili na nani hajaelewa. Andalio likamaliza muda, madaftari yakabaki. Ukiongeza na kujaza kazi zako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, wiki imekwisha.

Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki. Akili unde imechukua sehemu ya andalio iliyokuwa ikiandikwa kwa ajili ya mdhibiti, na ichukue tu, sitaililia. Sehemu iliyobaki ni ya kumjua mtoto aliyekaa mbele yako: ameona nini, anasema lugha gani nyumbani, jana amekosea wapi. Fomu zetu zimeipa sehemu hiyo nafasi ndogo kuliko zote, na mashine haiwezi kuijaza usipoiambia.

Chukua somo la volkano katika Jiografia ya sekondari, ulipeleke Engaresero, kijiji cha Wilaya ya Ngorongoro kilicho kati ya Ziwa Natron na mguu wa Oldonyo Lengai. Niliiomba programu moja andalio la vipindi viwili mfululizo kwa shule ya Tanzania, kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Lilitoka andalio safi: utangulizi, ujuzi mpya, uimarishaji, tafakuri, hitimisho, na dakika zake zimegawanywa vizuri kuliko mwanachuo yeyote angezigawa. Mifano ilikuwa Vesuvius, Kilauea na, kwa heshima ya nchi, Kilimanjaro. Lava ilielezwa kuwa nyekundu, yenye joto la nyuzi 700 hadi 1,200. Kazi ya vikundi: wanafunzi wafinyange mlima wa udongo, watie magadi ya kuokea na siki kileleni, waone povu likimwagika.

Siki haipatikani kirahisi kwenye maduka ya Engaresero, lakini hilo ni dogo. Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina yake, iliyojaa kaboneti za sodiamu na karibu haina silika. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu ya lava ya kawaida. Mchana hutiririka nyeusi kama oili chafu ya gari. Ikishapoa na kunyonya unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe, na ndiyo maana mgeni akiutazama mlima kwa mbali hudhani una theluji. Watoto wa pale wanaujua weupe huo. Wengine wamesimuliwa na wakubwa zao habari za 2007, pale matetemeko ya Julai yalipotikisa hadi Nairobi, na Septemba mlima ukalipuka na kumwaga majivu kwenye malisho.

Mtoto huyo anaposoma kwenye nukuu kwamba lava ni nyekundu na haishuki chini ya nyuzi 700, ana mawili ya kuchagua: aamini macho yake au aamini daftari. Mtihani humfundisha kuamini daftari.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba andalio lile liliukanyaga ukweli bila kuutambua. Magadi ya kuokea ni ndugu wa karibu wa magadi ya Natron, yale yanayotiwa kwenye maharage yaive upesi na kwenye ugoro wa wazee. Magadi ya ziwani yana asili yake katika miamba ya volkano na chemchemi za moto za bonde hilo. Kamulia ndimu juu ya kipande cha magadi darasani, povu litapanda, na gesi inayotoka ni kabonidayoksaidi, ile ile ambayo Lengai huipumua kwa wingi. Somo zima, la jiografia na la kemia, lipo kwenye mfuko wa mama wa mwanafunzi. Andalio lilipita juu yake likiwa limebeba chupa ya siki ya Marekani.

Nilipoitajia programu ile Lengai kwa jina na kuieleza kijiji kilipo, ilibadilika kabisa. Ilitaja kaboneti, ilitaja joto la chini, ilieleza kwa nini lava inageuka nyeupe. Habari ilikuwa nazo tangu mwanzo, ila haikuwa imeambiwa darasa liko wapi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema zana hizi hazifai kwa sababu hazijui mazingira yetu. Zinajua mengi kuliko tunavyodhani kuhusu sehemu iliyoandikwa na wageni wengi kama Ngorongoro. Lakini zinajibu kwa kipimo cha anayeuliza. Mwalimu aliyetoka Kagera, akapangiwa kituo Engaresero mwezi uliopita, hajui kwamba kuna cha kuuliza. Wa kumwambia ni wanafunzi wake, na andalio la kunakili halina hatua ya kuwauliza wanafunzi kitu ambacho mwalimu hakijui.

Kwa upande wa historia mambo ni ya namna hiyo hiyo, ingawa hapo kosa ni la binadamu kwanza. Nukuu nyingi, za mashine na za vitabu vya mtaani, humpa Louis Leakey sifa ya kugundua fuvu la Zinjanthropus pale Oldupai. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kambini anaumwa. Aliyeliona fuvu ni mkewe, Mary. Mashine imenakili walichonakili wengi.

Tutoke bondeni twende Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Omba andalio la shughuli za kilimo kwa shule ya msingi na utapewa bustani ya shule: wanafunzi waandae matuta, wapande mchicha, wamwagilie kwa zamu, wapime urefu wa miche kila Ijumaa. Ni shughuli nzuri mno, na Rhotia au Endabash, upande wa Karatu, ingefana. Ndani ya hifadhi kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena. Mwalimu mgeni anayefuata andalio hilo neno kwa neno anajitafutia maswali kutoka kwa wahifadhi. Hakuna mwanafunzi wa Endulen asiyejua kwamba pale hakulimwi, tena anajua na sababu zinazobishaniwa mezani kwa baba yake. Tangu Juni 2022, familia zilipoanza kuhama hifadhi kwenda Msomera wilayani Handeni, hata ile nafasi ya idadi ya walioandikishwa, ambayo mashine huiacha wazi ili mwalimu ajaze, imekuwa na habari nzito kuliko andalio zima.

Hisabati nayo haijasalimika. Mafumbo ya mashine yamejaa wakulima wenye ekari kumi na mbili za mahindi na mama wanaonunua maembe. Ukiomba iyageuze yawe ya wafugaji, itakupa mzee mwenye ng'ombe 45 anayewahesabu asubuhi na jioni. Wazee wengi wa kifugaji hawapendi mifugo ihesabiwe hadharani. Mchungaji mdogo hujua ng'ombe aliyepotea kwa rangi na mabaka yake, bila kuhesabu, na huo nao ni uwezo wa kupanga vitu katika makundi ambao mwalimu wa Darasa la Pili angeweza kuanzia nao somo lake la seti.

Sitaki msomaji adhani kazi yangu ni kutafuta makosa ya mashine. Twende Mang'ola, upande wa Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu yanayomwagiliwa kwa maji ya chemchemi. Kila mtoto wa pale anaijua lumbesa: gunia linaloongezewa kilemba cha nyavu na kamba hadi linapita kipimo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anataka lizidi, na bei inabaki ya gunia moja. Mwalimu mmoja wa Darasa la Tano wa huko aliandika kwenye simu yake, kwa Kiswahili cha kawaida tu, takriban hivi: gunia halali ni kilo 100, lumbesa hii ina kilo 130, bei ni ya gunia moja, nitungie maswali ya kuzidisha, kugawanya na asilimia yanayoonyesha mkulima anapoteza kiasi gani, yaanze na mepesi, yaishie na magumu, na uweke majibu pembeni.

Yalikuja maswali ya kutosha wiki nzima. Kuyatunga kwa mkono kungemchukua jioni mbili, na ukweli ni kwamba asingeyatunga, angerudi kwenye maembe ya kitabuni. Alikagua majibu moja moja, na alifanya vema, kwa sababu programu hizi hukosea hesabu zikiwa na uso mkavu. Kisha akafanya jambo ambalo mashine isingeliwaza: aliwaambia wanafunzi wakaulize nyumbani bei ya gunia ya wiki hiyo, na kesho yake namba za ubaoni zikabadilika. Darasa lenye watoto wengi linahitaji hasa kitu hiki, mazoezi mengi ya viwango tofauti, ili wanaokimbia wasisubiri na wanaosota wasiachwe. Mwalimu alileta lumbesa na mashine ikaleta wingi. Huo ndio mgawanyo wa kazi ninaoutetea.

Lugha ni habari nyingine. Katika wilaya hizi mbili utakuta Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ambavyo ni vya Kinailoti, Kitemi cha Wasonjo ambacho ni cha Kibantu, na Kihadza cha watu wapatao elfu moja na ushee wa Bonde la Eyasi, ambacho wanaisimu wameshindwa kukipa ndugu. Ni sehemu chache sana barani zenye mchanganyiko kama huo katika umbali wa safari ya siku moja. Akili unde hujifunza kwa maandishi, na lugha hizi zina maandishi kidogo. Ukiomba hadithi fupi ya Kihadza utapewa kitu kinachofanana na lugha lakini si lugha. Mwalimu asiyezungumza Kiiraqw hawezi kugundua kwamba amedanganywa. Kwa lugha za nyumbani, basi, zana hii iachwe, na atafutwe mzazi.

Kwa Kiswahili inasaidia, kwa tahadhari. Ina tabia ya kuchanganya Kenya na Tanzania, kwa kuwa majirani zetu wameweka mtandaoni vifaa vingi vya mtaala wao. Ghafla Darasa la Nne linaitwa Gredi ya Nne na shule inafungua muhula wa tatu. Hilo mwalimu makini huliona. Asiloliona haraka ni ugumu wa maneno. Mtoto wa Nayobi aliyeanza kukisikia Kiswahili darasani hawezi kusoma aya yenye "kwa mintarafu ya" na "hatimaye". Lakini iambie mashine: sentensi zisizidi maneno sita, tumia maneno haya ishirini ambayo wanafunzi wangu wanayajua, na rudia kila neno jipya mara tatu. Inatii bila kuchoka, na itakuandikia hadithi kumi za namna hiyo. Vitabu vya ziada vya kiwango hicho ni adimu, na hapa zana hii inafanya kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiifanya.

Wanafunzi wenyewe kuitumia ni mjadala wa siku nyingine. Niseme moja tu. Katika jaribio la Uturuki, wanafunzi wa hisabati wa sekondari wapatao elfu moja walipopewa akili unde ya kawaida, mazoezini walipata asilimia 48 zaidi ya wenzao. Ilipoondolewa na wakafanya mtihani peke yao, walipata asilimia 17 pungufu ya wale ambao hawakuwahi kuitumia. Toleo lililotoa dokezo badala ya jibu halikuwaletea madhara hayo kwa kiasi kikubwa. Wazazi wa Karatu mjini wanaowaachia watoto simu wamalize kazi za likizo wazifikirie namba hizo mbili pamoja.

Ninarudi kwa mwalimu. Wapo wanaosema andalio lililotoka nje ya kichwa cha mwalimu haliwezi kuzaa somo zuri. Kenya inawapinga. Mradi wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia 2015 uliwapa walimu wa madarasa ya chini miongozo iliyoandaliwa hatua kwa hatua, na usomaji wa watoto ukapanda. Lakini pamoja na mwongozo, kila mtoto alipata kitabu, na maofisa wa mtaala walikwenda kukaa nyuma ya darasa, wakasikiliza watoto wachache wakisoma, wakaongea na mwalimu baada ya kipindi. Andalio la kuletewa lilifaa kwa sababu kulikuwa na mtu anayeangalia somo. Sisi tunaweza kupata andalio la kuletewa bure kesho asubuhi. Kwa upande wa kuangalia somo, Afisa Elimu Kata wa Ngorongoro ana kata ambayo pikipiki yake inaimaliza kwa siku mbili, mvua ikiwa haijanyesha.

Ninamtenga mtu mmoja. Mwanachuo wa ualimu, wa Monduli au kwingineko, aandike andalio lake mwenyewe, kwa mkono, bila mashine, mpaka amalize mazoezi ya kufundisha. Anajifunza kukisia: shughuli hii itachukua dakika ngapi, watoto watakwama wapi, nikibakiwa na dakika tano nifanye nini. Makisio hayo yakikosea mbele ya darasa ndiyo yanayomfanya mwalimu. Aliyekaa kazini miaka kumi amekwisha kukosea vya kutosha, na kumlazimisha anakili kwa kalamu ni kumwonea.

Na majina ya watoto yasiingizwe kwenye programu hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na alama za mwanafunzi, afya yake au habari za kwao ni taarifa zake hata kama ana miaka tisa.

Kinachohitaji kubadilika haraka kuliko yote ni ukaguzi. Maadamu mdhibiti ubora anaanza kwa kuomba andalio, mwalimu ataendelea kutengeneza andalio, na sasa litakuwa zuri kila mahali, kuanzia shule ya kulipia kando ya lami ya Karatu hadi shule shikizi ya Olbalbal. Uzuri huo hautamwambia mdhibiti chochote. Angeanza na madaftari matano ya wanafunzi, mawili ya wanaofanya vizuri na matatu ya wanaosota, akamuuliza mwalimu: huyu alikosea hapa Jumanne, Jumatano ulifanya nini? Swali hilo halijibiwi kwa kuuliza simu dakika ile. Mwalimu aliyesahihisha atalijibu akiwa amesimama.

Na tuna mahali pa kuanzia bila kusubiri fungu jipya. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unataka kila shule iwe na jumuiya ya kujifunza, na zipo zinazokutana kweli. Kikao kimoja kwa mwezi kinatosha: kishikwambi kimoja, bando moja la ofisi na siyo la mwalimu, mada moja ngumu ya muhula. Walimu wanaomba andalio, wanalichana pamoja, wanatoa siki wanaweka magadi na ndimu, wanatoa bustani wanaweka kitu kinachoruhusiwa Endulen, anaitwa mzazi mmoja asikilize kama mfano una maana. Lililosahihishwa linatunzwa kwenye faili la shule na nakala inakwenda kwa Afisa Elimu Kata. Walimu wa Ngorongoro huomba uhamisho sana, na kila anayeondoka huondoka na alichojifunza kuhusu mahali pale. Aliyelitengeneza somo la Lengai akipata barua ya kwenda Korogwe, aende salama, ila somo libaki Engaresero, na anayempokea aanze kazi Jumatatu akiwa nalo mkononi.